Salamu Ambazo Mlezi Hakutaka Zikatwe

Boti ya doria ya misitu haikumtafuta baba yake Tatu. Ilimsubiri. Ilikuwa imezimwa injini na kufungwa kwenye mizizi ya mikoko, mdomoni mwa kijito cha Kwa Mkumba, na mtumbwi wake ulipotokeza asubuhi ukiwa umejaa boriti za mikoko zilizokatwa bila kibali, mmoja wa vijana wa doria alimwambia bila ukali, "Mzee, tulijua utatoka na maji haya."

Walijua kwa sababu walikuwa wameambiwa. Siku chache kabla, kwenye ukumbi mmoja mjini Kibiti, spika mbili kubwa zilikuwa zimetangaza mahali anapokuwa na maji anayotoka nayo, mbele ya wageni waalikwa, watu wa misitu wakiwemo, ndani ya kipindi kilichotengenezwa na wanafunzi wanne wa sekondari. Mimi nilikuwa mmoja wao, na Tatu, binti yake, alikuwa mwingine. Aliyetufundisha kutengeneza vipindi ndiye ninayemweleza hapa.

Tulimwita Mlezi. Kila klabu shuleni ilikuwa na mwalimu mlezi, lakini kwa huyu jina la kazi lilimganda mpaka walimu wenzake wakalitumia. Alifundisha jiografia, na jioni mbili kwa wiki aliendesha klabu ya habari kwa kinasa sauti kimoja, kompyuta moja iliyochoka, na sheria zake.

Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna mtu mwenye kazi mbili. Anayeuliza hashiki mashine, na anayeshika mashine haulizi. Anayekata sauti kwenye kompyuta lazima awe hakuwepo tulipokwenda kurekodi. "Aliyekuwepo anasikia hata yasiyosemwa," alituambia. "Nataka anayesikia kama msikilizaji." Zuhura, ambaye angeweza kumsalimia hata mtu aliyekasirika akajibiwa vizuri, alikuwa muulizaji. Mimi nilishika mashine. Shabani wa Ruaruke, mtoto wa wakulima ambaye hakuwahi kukanyaga tope la delta, alikata. Tatu wa Mbuchi alipanga safari.

Tatu hakupewa kazi hiyo tangu mwanzo. Safari yetu ya kwanza ya delta aliipanga Mlezi mwenyewe, kwa saa ya mkononi: kuondoka saa tatu, kurekodi saa tano, kurudi saa nane. Saa nane maji yalikuwa yamekupwa, na tukakaa kwenye tope mchana wote, mtumbwi umelala ubavu, Mlezi akiwa ameshika viatu vyake mkononi kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

"Mwalimu," Tatu alimwambia, "huku saa haina kazi. Uliza maji."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Shabani, aliposimuliwa, alicheka siku nzima. Mlezi hakukasirika. Kesho yake alibandika ubaoni karatasi kubwa ya manila, akafuta safu ya saa, akaandika juu yake: maji. Kuanzia hapo kila mpango wetu ulianzia kwa Tatu. Maji yanajaa lini, yanakupwa lini, lini ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na lini ni maji mafu yasiyofika popote. Mlezi aliuliza sana. Aliuliza kijito gani kinapitika kwa maji gani, na mtumbwi mtupu unatofautianaje na uliobeba. Tatu alimchorea. Wakati ule tuliona ni mwalimu anayekubali kufundishwa. Baadaye, kila tulipoikumbuka ile karatasi ya manila, tuliona kitu kingine.

Inanibidi niseme Kibiti ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya mauaji ambayo hata leo watu wakiifikia kwenye mazungumzo hushusha sauti, au huuliza habari za mvua. Mgeni aliyeuliza maswali alitazamwa mara mbili. Na Mlezi alikuwa mgeni ambaye kazi yake ni kuuliza, na zaidi ya hapo, kuwafundisha watoto wetu kuuliza. Mama aliyetuuzia vitumbua nje ya geti la shule aliniambia waziwazi, "Mwanangu, yule si mwalimu. Yule kaletwa."

"Kaletwa na nani, mama?"

"Ungejua aliyemleta, angekuwa hakuletwa."

Mlezi naye hakusaidia. Alikuwa na simu mbili, na moja sikuwahi kuisikia ikiita. Alikaa ameegemea ukuta, popote. Tukitembea kwa mstari kwenye njia nyembamba za mashamba ya mpunga, yeye alikuwa wa mwisho. Tukipiga picha ya pamoja, yeye ndiye mpiga picha. Klabu ina picha nyingi za miaka yake, na katika zote yeye ni kivuli kilichorefuka kwenye mchanga mbele ya miguu yetu.

Hakula kwa watu. Katika delta hilo ni neno zito. Unafika kwa mtu na njaa ya safari, unawekewa wali na kamba wa nazi, halafu unasema umeshiba? Mama mmoja alimuuliza, "Mwalimu, unaogopa chakula chetu au unatuogopa sisi?" Alicheka, akanywa maji. Lakini shuleni, mwanafunzi aliyekuja bila kula, Mlezi ndiye aliyemtambua kabla ya wenzake, na mtoto alipelekwa kwa mama wa vitumbua bila neno kusemwa. Mtu aliyekataa sahani ya kila mtu aliwajua wote wenye njaa.

Hakuamini jibu la kwanza. Swali alilokuuliza asubuhi alikuuliza tena jioni kwa maneno mengine, akalinganisha. Ukimjibu ndiyo, alikuuliza, "Ndiyo ya adabu au ndiyo ya kweli?" Tulilichukua swali hilo tukalifanya mchezo. Bweni zima liliulizana hivyo, kuhusu uji, kuhusu uchumba. Hata hivyo mlango wa nyumba yake haukufungwa. Ufunguo wa chumba cha kompyuta alimpa Shabani, mtoto wa kidato cha pili, na hakuwahi kumuuliza alipo. Nilijaribu mara nyingi kuyaweka hayo mawili pamoja, na sikuweza.

Jumamosi alikuwa haonekani. Siku moja nilikuwa Ikwiriri na mjomba wangu, nikamwona kwenye benchi la kahawa. Pembeni yake alikaa mwanamume mwenye sare ya doria ya misitu. Walikuwa wanacheka kama watu waliojuana zamani. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniuliza habari za nyumbani, na hakunitambulisha. Sikumwambia mtu wakati ule, kwa kuwa mtu kunywa kahawa na mtu si habari.

Kipindi chenyewe kilihusu akina mama wa Mbuchi wanaopanda mikoko. Mama yake Tatu alikuwa mmoja wao. Hapo palikuwa na jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua: mke anapanda, mume anakata. Walikuwa wamegombana kwa ajili hiyo mpaka majirani wakaingilia. Kwa sheria za Mlezi hakuna anayehoji wa kwao, kwa hiyo Tatu alibaki mtumbwini, na Zuhura akaingia uani na mimi na mashine.

Zuhura alisalimia kama alivyolelewa. Alimwamkia mama, akauliza watoto, akauliza mpunga, akauliza wagonjwa. Kisha akauliza, "Na mzee hajambo?"

"Hajambo, mwanangu. Hayupo. Yuko Kwa Mkumba, hutoka na bamvua."

Hivyo tu. Halafu wakaingia kwenye mikoko. Mimi ni mtoto wa Kibiti, kando ya barabara kuu, na bamvua kwangu lilikuwa neno la kwenye manila. Kwa Zuhura yalikuwa majibu ya salamu. Kwa mtu wa delta yalikuwa vilevile majibu ya salamu. Ukiulizwa mtu yuko wapi, unasema alipo na maji yatakayomrudisha, kama mtu wa mjini anavyosema yuko kazini anarudi jioni. Kusema tu hayupo ni kumfukuza mgeni.

Shabani alipokata, kipindi kilizidi muda uliopangwa. Tukakaa wote, Mlezi katikati. Shabani alisema salamu ni ndefu, aziondoe zote, tuanzie kwenye swali la kwanza.

"Salamu hazikatwi," Mlezi alisema.

"Mwalimu, zinakula muda."

"Kata maelezo yangu ya mwanzo. Salamu ziache. Unataka watu waseme watoto wa Kibiti wanaingia uani kwa mtu wanaanza kuuliza?"

Kisha alifanya jambo ambalo nililiona kwa macho yangu. Alivaa spika za masikioni, akairudisha sauti nyuma mpaka kwenye salamu, akasikiliza. Akairudisha tena. Akavua, akasema, "Sawa." Tatu alikuwepo, amekaa dirishani.

Kati ya siku hiyo na siku ya ukumbi kulikuwa na likizo fupi, na Tatu alikwenda kwao akarudi. Kisha ukumbi, makofi, cheti. Kisha bamvua.

Baba yake alifungwa. Mtumbwi ulipasuliwa kwa msumeno. Alipotoka, hakugombana na mtu. Alimwambia mkewe afunge nguo zake aende kwa kaka zake, upande wa pili wa kijiji. Hakumpa talaka na hakumwita. Alikuwa anaamini kwamba mkewe alijua mashine inasikia, na kwamba ndivyo mkewe alivyoumaliza ugomvi wa mikoko. Mbuchi iliamini pamoja naye. Mama yule aliishi miaka kwenye nyumba ya kaka yake, hajaachwa na hana mume, na kwenye kisima wenzake walinyamaza akifika.

Mlezi alihamishwa muhula uleule. Hakuaga. Sisi watatu tuliobaki tulikaa kwenye chumba cha kompyuta tukayaunganisha: manila, maswali ya vijito, mtu wa sare, salamu hazikatwi. Kila kipande kilikaa mahali pake. Kilikaa vizuri mno, na leo kazi yangu imenifundisha kuogopa hilo, lakini wakati ule tulikuwa wadogo na tulihitaji mtu.

Tatu hakurudi shule. Alianza kununua kamba kwa wavuvi na kuwapeleka Kibiti. Sasa ana kikundi cha wanawake, na nilipokwenda kuwarekodi kwa ajili ya redio ninayofanyia kazi nilicheka peke yangu. Anayepima hapokei pesa. Anayepokea pesa hachagui kamba. Anayejadili bei na mnunuzi wa mjini hakuwepo kamba walipotoka majini, ili asiwaonee huruma. Ukutani pana karatasi ya manila, na safu ya kwanza imeandikwa maji.

"Huu si mfumo wa Mlezi?" nilimuuliza.

"Ni mfumo," alisema. "Yeye ni mshenzi."

"Unaweza kutenganisha?"

"Mwandishi, wewe kunywa maji yako."

Ni yeye aliyenitafuta baadaye, baada ya kusikia kwamba Mlezi amestaafu na anaishi Mahege, analima ufuta na mihogo. Alitaka twende. Hakutaka kumtukana. Alitaka Mlezi afike Mbuchi amwambie baba yake jinsi kipindi kilivyotengenezwa, kwamba mama hakuwa na sauti juu ya kinachobaki na kinachokatwa. Baba alikuwa ameanza kuugua kifua. Akifa na neno lile moyoni, mama angebaki nalo maisha yake yote.

Tulimkuta anapepeta ufuta. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe. Alitutambua mara moja, akatutolea mkeka, na hakukaa mpaka alipopata ukuta wa kuegemea. Tatu alimwamkia, akaitikia. Salamu zilikwenda mpaka mwisho.

Tatu akasema lililomleta. Alilisema vizuri, kwa mpangilio. Alimaliza kwa swali ambalo hatukuwa tumelipanga: "Ulijua maana yake, Mwalimu? Uliposikiliza mara ya pili?"

Mlezi aliokota punje kwenye mkeka, moja moja. "Na wewe ulisikia siku ile," alisema. "Ulikuwa dirishani. Wewe ndiye ulikuwa mtu wa maji."

"Nilisikia salamu."

"Basi."

"Nimekuuliza wewe."

Aliendelea kuokota punje. Nikaingilia, nikamuuliza yule mtu wa benchi la kahawa Ikwiriri alikuwa nani. Alinitazama kwa namna ya kufurahi kidogo, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito ameleta kazi nzuri.

"Shemeji yangu," alisema. "Marehemu sasa."

Hakuna la kumuuliza marehemu. Kisha akamgeukia Tatu. "Baba yako anahitaji kusikia nini ili mama yako arudi?"

"Ukweli."

"Sikukuuliza hivyo. Nimeuliza anahitaji kusikia nini."

Mlezi akaingia ndani, akatoka na kanzu safi begani, akauliza maji ya Mbuchi wiki ile yakoje.

Tulikwenda naye. Baba yake Tatu alitupokea barazani, mwili umelegea lakini macho makali. Mjomba wa Tatu aliitwa, na mama akaja naye, akakaa karibu na mlango, kanga imefunika nusu ya uso. Mlezi hakuzunguka.

"Mzee, ile sauti ya mkeo niliiacha mimi. Wanafunzi walitaka kuikata, nikakataa. Na mkeo, baada ya kurekodiwa, aliniletea neno shuleni kwamba pale alipokutaja paondolewe. Nilipata neno hilo kabla ya siku ya ukumbi. Sikupaondoa."

Baba alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe.

"Alikuletea neno."

"Aliniletea."

"Na wewe ukaacha."

"Nikaacha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kipindi kizuri."

"Nimekaa ndani kwa ajili ya kipindi," mzee alisema, kama mtu anayejaribu kuona uzito wa kitu. Hakuinua mkono wala sauti. Alimgeukia shemeji yake. "Mwambie dada yako atazame kama kuna wali. Mgeni hajala."

Mlezi alikula. Alikula sahani yote, akanawa, akaaga, na mama yake Tatu hakuondoka na kaka yake jioni ile. Msimu huu amekwenda shambani na mumewe, wamejenga dungu jipya la kulindia mpunga, na Tatu amewapelekea betri za redio.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nimefundishwa kuuliza mara ya pili. Miaka ile nyumbani kwa kina Tatu simu haikushika mtandao. Neno lolote kutoka kwa mama yake kuja shuleni lilikuwa na njia moja, na njia hiyo ilikuwa Tatu, aliyekwenda likizo akarudi kabla ya siku ya ukumbi.

Nilimuuliza Tatu akiwa anapima kamba. "Ulipewa neno umpelekee Mlezi?"

"Sikupewa," alisema, na hakuinua macho kwenye mizani.

Nilimpigia Mlezi. Alipokea, akaniuliza kama huku kwetu mvua imenyesha, nikamjibu, nikamuuliza nani alimletea lile neno. Akasema kuna mtu anamwita, nisubiri. Nilisubiri mpaka simu ikakatika, na tangu hapo haipokelewi.

Akabaki mama. Nilimkuta dunguni, anatupia ndege mabonge ya udongo kwa kombeo, mumewe amelala chini kivulini. Nilimwamkia, tukamaliza habari zote za nyumbani. Nikashusha sauti, nikamuuliza kama kweli alituma mtu kwa Mlezi, na kama alituma, alimtuma nani.

Alimtazama mumewe kwanza, kama amelala kweli.

"Mwalimu ameshasema, mwanangu," alijibu. "Panda juu unywe chai."